Msifagie Kwanza

Ingieni wanangu, ingieni wote, na wa mwisho aufunge mlango kwa kuunyanyua kidogo, maana bawaba ya juu imelegea tangu mwaka juzi na ninyi watatu mmepita hapo mara mia bila kuiona. Meneja, wewe mkubwa wangu, kaa kwenye kiti cha mbao. Nesi, binti yangu, kaa kitandani hapa miguuni pangu, lakini usinishike mkono, mapigo ya moyo wangu nayajua bila kuhesabiwa. Na wewe kitinda mimba, Bwana Mipango, acha kuchungulia dirishani, gari lako haliibiki, mwizi mwenye akili zake hawezi kulitaka. Wakili, andika. Bi Mashuka naye akae. Nimesema kaa, Bi Mashuka. Hapana, si juu ya ndoo, leta kiti barazani ukae kama watu.

Sikilizeni. Daktari alinipa siku kumi, na kwa kuwa alizitoa juma lililopita nimebakiwa na mbili, au tatu ikiwa hesabu zake ni kama za madaktari wengine. Sikuwaita kuwaaga, kuagana ni kazi ya vituo vya mabasi. Nimewaita kwa sababu hoteli hii ya vyumba kumi na tisa, ngazi mbili na tangi moja la maji haigawanyiki. Nyumba ya kuishi mtagawana, shamba mtagawana, na viatu vyangu mtavigombania mkipenda, ingawa vyote vimelika upande mmoja. Lakini hoteli inakwenda kwa mtu mmoja, na mtu huyo yumo humu ndani, na kabla jua halijatua wakili atakuwa ameandika ni nani. Wengine mtaikosa na mtanichukia. Nichukieni taratibu, nina usingizi mwepesi.

Watu huuliza hoteli ndogo namna hii, isiyo na bwawa wala lifti, ilipata wapi maarifa ya kudumu miaka thelathini na saba, wakati tatu za jirani zimegeuka maghala ya saruji. Hata yule Mkaguzi wa Hoteli aliuliza, tena kwa maandishi. Fomu yake ilikuwa na kurasa kumi na nne, na ukurasa wa tisa ulisema, “Taja vyanzo vya ubunifu katika biashara yako,” kisha ukaacha nafasi ya mstari mmoja na nusu. Nikaandika neno moja: Uchafu. Akaikataa fomu. Akasema uchafu unajazwa ukurasa wa pili, sehemu ya afya. Nikamwomba fomu nyingine, akasema fomu nyingine huombwa kwa fomu.

Lakini nilikuwa sitanii. Mgeni akiulizwa mapokezi kama amelala vizuri atasema vizuri sana, kwa kuwa basi linamsubiri na kwa kuwa tumefunzwa tangu utoto kwamba kulalamika ugenini ni utovu wa adabu. Mdomo wa mgeni una adabu, chumba alichokiacha hakina. Ukiingia kabla ya ufagio utaona kiti kilivyosogezwa, utaona taulo lilivyopachikwa, utaona gazeti lililosokomezwa chini ya mlango kuzuia taa ya ukumbini, na chumba kitakwambia kila kitu mgeni alichokificha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji huponea wapi. Huponea pale mgeni anapokwisha kuondoka na shuka hazijatolewa.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema, na wewe wakili liandike lote, hata nikikuomba baadaye ulifute.

Maarifa hayo si yangu. Ni ya huyu hapa, Bi Mashuka, anayekaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kina wenyewe. Mwaka wa tatu wa hoteli, fimbo za pazia zilikuwa zinapinda chumba baada ya chumba, na mimi niliwatoza wageni faini na kubandika matangazo, maana niliamini tangazo kama Mkaguzi anavyoamini fomu. Yeye alikuwa mfagiaji mgeni, kijana bado, mjane wa miezi sita. Akaniita chumba namba nne.

“Bosi, njoo uone kabla sijafagia. Huyu si mhuni. Huyu ana shati moja. Alilifua jana akalianika hapa, leo anakutana na wateja wake.”

Nikamwambia fimbo imepinda.

“Imepinda kwa sababu kamba hakuna.”

Basi. Kamba ya nguo nyuma ya jengo, meza ya kupigia pasi chini ya ngazi, na ndani ya mwaka wauza dawa na wauza vipuri wanaozunguka na masanduku ya sampuli wakawa hawalali pengine. Halafu akanionyesha mikwaruzo minne sakafuni, chumba cha kumi na moja, kisha cha kumi na mbili, kisha cha tisa, mimi nikidhani wageni wanacheza ngoma na meza, kumbe ni akina mama wafanyabiashara waliokuwa wakiisukuma meza mlangoni usiku kwa kuwa vitasa vyangu vilifunguka hata kwa kijiko. Tukatia makomeo ya ndani. Halafu akaniletea ndoo yenye kuponi za chai zilizotupwa, hazijatumika hata moja, akasema mabasi ya mbali yanaondoka saa kumi na moja alfajiri na jiko letu linawashwa saa moja. Nilikuwa nawauzia watu chai wasiyoweza kuinywa na nikaiita faida. Tukaanza kuwafungia mkate na yai usiku wa kuamkia safari, na madereva wa mabasi wenyewe wakaanza kutuletea abiria.

Nilimpa nini? Ulizeni, msiogope. Siku mwandishi wa gazeti alipokuja kuandika habari za Mzee Mbunifu, nilimtuma Bi Mashuka ndani ya tangi akalisugue, na akalisugua mpaka mwandishi alipoondoka. Mwaka uliofuata mgeni mmoja alimsifia ile kamba, naye, kwa ujinga wa mtu mwenye furaha, akasema, “Hilo lilikuwa wazo langu.” Nilisikia. Nikamhamishia vyoo vya nje miezi mitatu. Katika miezi hiyo hiyo nikaitwa ofisi kuu ya Mkaguzi kupokea cheti cha ubunifu, nikapiga picha na mtu wa cheo ambaye alinishika mkono huku akimtazama mpiga picha. Cheti kile kiko ukutani mapokezi. Mmekiona. Mmekipangusa.

Msidhani niliwaibia wanyonge peke yao. Baba yenu mdogo, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa na nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, na akili yake ilikuwa inachemka kuliko yangu. Alipaka mapipa manne rangi nyeusi, akayapandisha juu ya paa, jua likamchemshia maji bure. Mgeni wangu mmoja akaniuliza, “Mbona huko wanaoga maji ya moto?” Swali hilo lilinichoma. Nilikaa mezani nikaandika barua kwa mkono wa kushoto, bila jina, nikaiarifu ofisi inayohusika kwamba kuna mtu ameweka mtambo wa kuchemsha maji bila kibali. Ofisi ikaja, ikautazama mtambo, ikarudi kutafuta fomu ya kibali, ikakuta fomu ya namna hiyo haijawahi kutungwa, na kwa kuwa mtu hawezi kuruhusiwa kwa fomu isiyokuwapo, wakamfungia mpaka itungwe. Ilitungwa kwa miezi saba. Mimi wakati huo nilikwisha kuweka mapipa sita juu ya paa langu, nao wakanipita kwa sababu kwenye karatasi niliyaita mapipa.

Akauza. Akahama. Akafa. Nilikwenda mazikoni nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli, mtu anaweza kumlilia mtu aliyemwua. Mjane wake aliniletea maji ya kunawa kwa mkono wake mwenyewe. Yalikuwa ya moto. Akasimama ananitazama machoni mpaka nilipomaliza. Wewe Bwana Mipango utakwenda kwake, ukamwambie ile barua niliandika mimi. Anajua. Mwambie hata hivyo, na usikae kusubiri chakula.

Nipeni maji. Kidogo. Si hivyo, unanimwagia kifuani, Meneja, hata gilasi moja inataka semina?

Na hapo tumefika kwako. Usijikunyate. Nilipoanza kuumwa mwaka jana nikakukabidhi funguo, na ofisi ikakualika kwenye semina ya siku tano kuhusu ubunifu katika hoteli ndogo, ambayo ilifanyika katika hoteli kubwa kuliko zote mkoani, na katika watu themanini waliohudhuria hakuna aliyeona la kucheka. Uliondoka mjinga, ukarudi mjinga mwenye begi. Begi lilikuwa zuri. Ndani yake mlikuwa na kalamu, chupa ya maji, na karatasi inayosema mawazo mapya hutoka kwa wateja, wafanyakazi na washindani, yaani yaleyale ambayo baba yako aliyaiba kwa mpangilio huohuo bila kulipiwa nauli. Ukaleta sanduku la maoni lenye kufuli. Ukaleta amri kwamba vyumba vyote viwe vimefagiwa kufikia saa nne asubuhi, ili hoteli ing'are Mkaguzi akija. Mimi nikiamka, nikisukumwa kwenye kiti changu cha magurudumu saa tano, nakuta vyumba kumi na tisa vimenyamaza kama mashahidi waliohongwa. Uliitoboa hoteli macho, mwanangu, kwa dawa ya kusafishia sakafu.

Na wageni wakaanza kupungua, na wewe ukaniletea kitabu cha wageni nikiwa kitandani, kimejaa sifa. “Huduma safi sana.” “Nitarudi tena.” “Hongera uongozi.” Wageni kumi na wanne, wa makabila na mataifa mbalimbali, wanaume kwa wanawake, na wote wana mwandiko mmoja. Ulibadilisha kalamu, hilo nakupongeza. Umri wako ni miaka arobaini na tatu na umekaa usiku ukijiandikia barua za mapenzi.

Usilie. Au lia, lakini usiseme, “Baba, nimefanya kazi hapa miaka kumi na miwili.” Naona mdomo wako unaiandaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe katika miaka kumi na miwili hukulalia hata kimoja kati ya vitanda kumi na tisa. Nitawaeleza nilivyojua.

Mwezi uliopita niliwaambia mje kwa zamu mniuguze, kila mmoja siku tatu, mlale chumba namba saba kwa kuwa kiko karibu nami. Mliona huruma, mkaja. Sikuhitaji kuuguzwa. Nilihitaji mlale, muondoke, na nisome. Nilimwambia Bi Mashuka, amri ya saa nne na iende ikalale, chumba namba saba kisiguswe, na kila mlipoondoka alinisukuma mpaka ndani akafunga mlango, tukakaa sisi wawili kimya kama watu walioingia maktaba.

Chumba cha Meneja kilikuwa na shuka zilizovurugwa vizuri mno. Bi Mashuka akapitisha kiganja kwenye mto, akasema, “Bosi, hapa hakijalala kichwa.” Sabuni ilikuwa kavu, na jina la kiwanda bado linasomeka. Mkubwa wangu alikuwa anakwenda kulala kwake, anarudi alfajiri na kuvuruga shuka kwa mikono. Anataka hoteli ambayo yeye mwenyewe haiwezi kumlaza usiku mmoja.

Chumba cha Bwana Mipango kilisomeka upesi zaidi, kwa kuwa tulilazimika kukisomea kwa mwanga wa dirisha. Alikuwa ameondoka na balbu. Na taulo mbili, na kibanio cha pazia, sijui ni cha mpango gani. Unacheka? Cheka. Nimekusikiliza tangu ukiwa na miaka kumi, kila mwaka una mpango, mara kuku, mara mashine ya matofali, mara kuagiza pikipiki, na leo nimejua mwisho wa mipango yote ni balbu ya babako mgonjwa. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sijisahau katika methali hiyo, niko mwanzoni mwake.

Kisha nikafanya jambo ambalo hamkulijua. Nilimwambia Bi Mashuka naye alale humo siku tatu, kama mgeni, aletewe chai. Miaka thelathini na minne ametandika vitanda vya nyumba hii na hakuwahi kulalia. Alikataa, nikamwamuru. Siku ya nne nikaenda na mkongojo wangu, peke yangu, nikishika ukuta, nina hamu ya kumsoma yeye aliyenifundisha kusoma. Nikakuta chumba kimefagiwa. Shuka zimekunjwa pembe, gilasi imefunikwa, kiti kimerudishwa kwenye alama yake, hakuna hata unywele. Nilikikasirikia chumba kile. Nikakaa kitandani nikafikiri, huyu mwanamke nimemfuta mpaka anajifuta mwenyewe, na amefanya kwa ustadi. Alipoingia nikamwuliza, “Ulilala kweli?” Akasema, “Nililala vizuri sana, Bosi.” Kama wageni wote. Mdomo wenye adabu.

Nesi nilimwacha wa mwisho kwa sababu alikuja wa mwisho, na kwa sababu sikutaka.

Kitanda chake kilikuwa mbao tupu. Godoro lilikuwa sakafuni, chini ya dirisha, limesukumwa mpaka ukutani, na shuka imezungushwa pande zote kama watoto wanavyojifunga. Kabati limesogezwa likazuia nusu ya mlango. Bi Mashuka alisimama pale na ufagio wake, na ninyi mnajua alikuwa anakumbuka nini, maana ninyi watatu mlikuwapo. Namba saba kilikuwa chumba chenu. Vitanda vyenu vitatu, na ukutani mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa amechora urefu wenu. Wageni walipozidi niliwatoa. Mara ya kwanza usiku mmoja, kwa ajili ya msiba wa watu, kisha wakati wa mikutano, kisha kila mwisho wa juma, mnabebwa mkiwa usingizini, mnalazwa kwenye stoo ya mashuka juu ya marobota ya shuka chafu, na asubuhi mnarudishwa kitanda kikiwa bado na joto la mtu mwingine. Nesi alikuwa na miaka minne. Jioni moja akanishika suruali akaniuliza, “Baba, leo wageni ni nani, sisi au wao?” Nilicheka. Nilikwenda kuwasimulia wageni mezani nao wakacheka, na mmoja akaniambia nina binti mwerevu.

Basi mtu mzima wa miaka thelathini na nane, anayesimamia wodi ya vitanda arobaini, hawezi kulala kitandani katika nyumba ya baba yake. Kitandani mtu huondolewa. Sakafuni hakuna anayekuja kukuondoa. Hivyo ndivyo godoro lilivyosema, na lilisema wazi kuliko mtu yeyote aliyewahi kulala katika hoteli hii.

Sasa jueni ni baba wa namna gani mliyepewa. Machozi yalinijia, nakiri, Bi Mashuka ni shahidi. Lakini hayajafika hata shavuni nilikuwa nimekwisha kuona jambo jingine: kuna wazazi wanaosafiri na watoto wadogo, wanaogopa wasianguke kitandani, wanalala macho usiku kucha wamewashika miguu. Godoro la sakafuni, chini ya dirisha, lililozungushiwa shuka. Jumatatu niliagiza magodoro membamba sita. Jumatano familia ya kwanza ililala namba saba, na yule mama akamwambia Bi Mashuka hajapata kuona hoteli inayowajali watoto namna hii.

Nitazame, Nesi. Usitazame ukuta. Nimelichukua hilo nalo. Sikujua kuliacha.

Kwa hiyo wakili, andika: hoteli ni ya binti yangu. Si kwa sababu nampenda, ingawa nampenda, maana hata mwizi wa balbu nampenda. Ni kwa sababu kati ya wote niliowalaza mle, chumba chake ndicho pekee kilichosema kweli. Mtu anayeweza kuonewa na kitanda anajua mgeni anaonewa na nini. Na najua hutaki. Najua una barua ya hospitali ya ng'ambo ya mpaka kwenye mkoba, iliyokunjwa mara nne, umekuja hapa kunizika na kuondoka. Uliutoroka mkono wangu miaka ishirini, sasa umekufikia.

Sema. Sema kwa sauti, wakili si kiziwi.

“Sitaki, Baba. Nitaiuza kwa wale wa saruji hata kaburi lako halijakauka.”

Umesikia, wakili? Usiliandike hilo. Haya, umesema la hasira, sema lililo chini yake. Maana hukuinuka. Mtu anayeondoka huinuka.

“Nusu iwe ya Bi Mashuka. Kwa maandishi, leo. Na cheti kile kiandikwe jina lake au kishushwe. Hapo nitakaa.”

Nusu! Mimi nilikuwa nimemwandalia jozi mbili za shuka mpya na barua ya utumishi mwema. Nusu ya hoteli kwa mfagiaji, watu watasema ugonjwa umenipanda kichwani. Robo. Robo ni vyumba karibu vitano, Nesi, kuna wafalme waliokufa na vichache zaidi.

“Nusu.”

Theluthi. Theluthi, na chumba cha kuishi mpaka afe, na… ngoja nipumue… na asipangiwe zamu. Unanitazama hivyo kama mama yako. Theluthi na shamba.

“Wale wa saruji wamenipigia simu mara mbili juma hili, Baba. Nusu, au nainuka.”

Msiniinue, sikohoi, nacheka. Meneja, unaona? Wewe ungenibusu mkono ukakubali robo, halafu ungeenda kuandika katika kitabu cha wageni. Huyu anamkaba baba yake koo siku ya mwisho, na macho makavu. Huyo ndiye mwenye hoteli. Andika nusu, wakili. Andika upesi kabla sijapona.

Bi Mashuka anasema hakuomba. Hilo ndilo kosa lako la miaka thelathini na minne, mama, na mimi nilipanga humo bila kulipa kodi. Weka kidole gumba hapo. Hapana, usikifute kwanza kwenye kanga. Hivyo hivyo kilivyo.

Kilichobaki ni kidogo. Meneja, ukitaka kubaki utabaki chini ya dada yako, na utaanza kwa kulala, chumba kimoja kila mwezi, mpaka umalize vyote kumi na tisa. Usipotaka, begi la semina unalo. Bwana Mipango, shamba lako liko pamoja na la kaka yako, likateni katikati, asije mmoja akalima ubishi. Nizikeni asubuhi, jua likiwa la chini. Mkaguzi akija na hotuba, mwambieni hotuba huombwa kwa fomu. Waombolezaji wa mbali walale hapa hapa, wapewe maji ya moto, na wakiondoka… msifagie kwanza. Hata wafiwa wana la kusema.

Nimechoka. Sogeeni. Si sana.

Nawabariki. Nawabariki vibaya, kama nilivyowalea, lakini nawabariki. Mungu awape wageni wasioridhika. Awanyime sifa za bure. Awape… awape mtu wa kuwaambia fimbo imepinda kwa nini, na mkimpata, msimtie ndani ya tangi. Bi Mashuka, wewe sikubariki, sina cheo hicho kwako. Nakuomba. Basi. Nimeomba.

Hiyo ni nini inalia? Simu ya mapokezi. Mmewaacha mapokezi bila mtu, nyote mmekuja kunitazama nikifa… mtu anataka chumba. Inalia. Meneja, kaa, si wewe. Mwacheni. Mwacheni apite, sogezeni miguu. Nesi… nenda mama. Nenda, mimi siendi popote. Nyanyua huo mlango kidogo.

Amepokea?

Nyamazeni. Acheni kulia wote, nyamazeni… nataka nisikie anavyomjibu.